Tarehe mbili za kuzaliwa na fidla moja: namna ya kuandika maisha ya baba mkwe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Saskatoon, Kanada, huu ni mwaka wa 11. Baba mkwe wangu alifariki majira ya baridi yaliyopita akiwa na miaka 94. Alikuwa seremala na mpiga fidla wa harusini, baba wa watoto watano. Alizaliwa kwenye nyika za karibu na Yorkton, wazazi wake wakiwa wahamiaji wa Kiukraine. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye sana mwishoni, familia imenipa kazi ya kuandika maisha yake yasomwe kwenye ibada ya mwaka mmoja. Nimekwama. Wifi mkubwa anasema baba alizaliwa tarehe 28 Desemba 1930, cheti kinasema 10 Januari 1931. Karatasi za babu yao zinamwita Mwaustria. Ndani ya fidla kuna kibandiko cha Stradivarius, 1721, na shemeji anataka tuandike hivyo hivyo, ila fidla yenyewe imeachia pembeni na naogopa kuigusa. Aliacha makasha matano, moja kwa kila mtoto. Mdogo wake aliyekuwa akipiga naye muziki yupo bado, ana miaka 89. Halafu wifi mdogo ananiambia: "Ukimwandika kama malaika, mimi sitakuja. Kila Jumamosi yeye yuko harusini, sisi na mama tunakamua ng'ombe." Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Maswali yako ni mengi lakini hofu naiona ni moja tu. Unaogopa kusimama mbele ya watu wake, wewe mkwe uliyetoka mbali, usome sentensi halafu mmoja wao anong'one "si kweli". Hofu hiyo naijua. Nimefanya kazi na karatasi na simulizi za wazee miaka mingi, na bado tumbo hunikata kabla ya kusoma. Ila katika haya uliyoniandikia sioni mwongo hata mmoja. Naona mambo ambayo yakielezwa vizuri, maelezo yenyewe ndiyo yatakuwa wasifu.

Tuanze na tarehe. Hesabu siku kutoka 28 Desemba hadi 10 Januari. Ni 13. Sasa kumbuka Krismasi ya kwa wakwe zako: wazee walikula lini? Bila shaka tarehe 7 Januari, siku 13 baada ya 25 Desemba. Makanisa ya Waukraine, ya Kiorthodoksi na ya Kikatoliki ya mapokeo ya Kigiriki, yalihesabu kwa kalenda ya zamani ya Julian, na katika karne ya 20 kalenda hiyo ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13 kamili. Mama aliyejifungulia shambani katikati ya theluji alihesabu siku kwa kalenda ya kanisa. Karani wa serikali akaandika kwa ya kwake. Kwa hiyo wifi yako hajakosea na cheti hakijakosea: ni siku moja yenye majina mawili. Ukitaka kuhakikisha, tafuta rejista ya ubatizo ya parokia yao. Na sensa ya Kanada ya mwaka 1931, iliyohesabu watu kuanzia tarehe 1 Juni, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2023 baada ya kufungiwa miaka 92. Humo unapaswa kumkuta akiwa kichanga cha miezi michache. Sensa hiyo iliuliza pia kama nyumba ina redio. Iangalie safu hiyo, maana kwa mtu aliyekuja kuwa mpiga fidla si jambo dogo.

Suala la "Mwaustria" ni jepesi zaidi kuliko linavyoonekana. Waukraine wengi waliofika nyika za Kanada kabla ya Vita vya Kwanza walitoka Galicia na Bukovina, na majimbo hayo yalikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Karani aliandika nchi ya pasipoti. Wengine waliandikwa Wagalicia, wengine Waruthenia, jina la zamani la Waukraine wa huko. Bibi wa kwetu aliyezaliwa Tanga mwaka 1910 karatasi zingesema ametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, wala hakuna anayemwita Mjerumani. Ila neno hilo halikuwa la makaratasi tu. Vita vilipoanza mwaka 1914, "Waustria" hao wakageuka raia wa adui. Watu wapatao 80,000, wengi wao Waukraine, waliandikishwa na kutakiwa kuripoti, na zaidi ya 8,500 wa mataifa mbalimbali waliwekwa kambini. Mkikuta kikaratasi chenye mihuri mingi ya polisi kwenye vitu vya babu, msikitupe. Pengine hicho ndicho kitaeleza kwa nini mzee huyo hakupenda kusema alikotoka.

Kuhusu shamba la babu, wakati ule serikali iligawa ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1872: ada dola 10, ekari 160, na sharti la kuishi pale, kulima na kujenga kwa miaka mitatu ndipo upewe hati. Ili kuipata, mtu aliapa kwa maandishi amelima ekari ngapi, ana ng'ombe wangapi, nyumba yake ina ukubwa gani, na majirani wakatoa ushahidi. Majalada hayo yapo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo la Saskatchewan. Hayatafutwi kwa jina peke yake, kwa sababu makarani waliyakatakata majina ya Kiukraine kila mmoja kwa sikio lake. Tafuta kwa namba za kiwanja, ambazo ziko kwenye risiti yoyote ya kodi ya shamba. Ninapenda sana majalada haya. Unaweza kukuta kipimo cha nyumba aliyozaliwa baba mkwe wako, kwa futi. Lakini kumbuka nawe, na sentensi moja ya hili ingekaa vizuri kwenye maandishi yako, kwamba ardhi ile haikuwa tupu. Eneo la Yorkton liko ndani ya Mkataba wa 4, uliotiwa sahihi na mataifa ya wenyeji mwaka 1874, na fidla ilikuwa inalia kwenye nyika hizo mikononi mwa Wametisi, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, kabla Mukraine wa kwanza hajashuka kwenye treni.

Hapa nikuonye juu ya kosa la waandishi wazuri. Ukisoma kuhusu nyika za miaka ya 1930 utakuta vumbi kila ukurasa: mchana unakuwa giza, na tarehe 5 Julai 1937 joto likafika nyuzi 45 huko Yellow Grass na Midale, rekodi ya Kanada iliyodumu hadi 2021. Utashawishika umweke baba mkwe ndani ya vumbi hilo akiwa na miaka sita. Usifanye hivyo mpaka mdogo wake akuambie. Miji hiyo miwili iko kusini kabisa, na kusini ndiko ukame ulikouma zaidi. Yorkton iko kwenye ukanda wa vichaka vya popla na mabwawa. Walioishi huko walibanwa zaidi na bei: mwishoni mwa 1932 ngano iliuzwa chini ya senti 40 kwa busheli. Mtu mwenye gari asiyeweza kununua petroli aling'oa injini akafunga farasi mbele, na chombo hicho watu wakakipa jina la waziri mkuu wa wakati huo, R. B. Bennett, kwa kumkejeli. Mtoto anayekulia mahali ambapo gari linageuzwa mkokoteni anajifunza mapema kwamba kitu kikiharibika hakitupwi. Muulize huyo mzee wa miaka 89 walikuwa wanatengeneza nini.

Sasa umbo la andiko lenyewe, maana nadhani hapo ndipo umekwama kweli. Sisi tumelelewa na wasifu wa marehemu unaosomwa kanisani: marehemu alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Umbo hilo lina kazi yake, linawatambulisha ndugu na kuwatuliza. Lakini kwa mtu huyu litakuachia aya mbili na ukimya mrefu katikati. Shule aliacha mapema, nakisia. Hakupandishwa cheo na mtu. Miaka yake 70 ya kazi imo kwenye mbao, si kwenye vyeti.

Kwa hiyo anzia kwenye mbao. Kusanya makasha yote matano chumba kimoja kama inawezekana, la sivyo kila mtoto apige picha ya chini na ya ndani, si ya juu. Juu seremala anasafisha, chini anajisahau. Pitisha kiganja upande kwa upande chini ya ubao. Ukihisi mabonde mapana yasiyolingana, hiyo ni randa ya mkono. Ukiona vijiwimbi vilivyopangana sawasawa kama mistari ya daftari, hiyo ni mashine. Mikwaruzo iliyonyooka ni msumeno wa mkono, ya upinde ni msumeno wa duara. Umeme uliingia mashambani Saskatchewan zaidi katika miaka ya 1950. Huenda basi kasha la mtoto wa kwanza lilirandwa kwa mkono kwa taa ya mafuta, na la mwisho likapita kwenye mashine. Angalia na pembe: zimeshikana kwa meno au kwa misumari? Ukiandika mabadiliko hayo kasha kwa kasha, umeandika miaka 20 ya maisha yake na watoto wote watano wamo, kila mmoja kwa zamu yake.

Jambo jingine. Kwa desturi ya Kiukraine kasha la namna hiyo, wao huliita skrynia, ni la bibi arusi. Humo anaweka nguo na vitambaa vyake vya kutarizi. Wewe umesema kila mtoto ana lake. Kama kati ya hao watano wamo wavulana, basi mzee aliamua kitu kinyume na mila, na mimi ningetaka kujua kwa nini kuliko ninavyotaka kujua tarehe yoyote.

Utakapomhoji mdogo wake, usitarajie kanda iliyorekodiwa. Watu wengi wanadhani kumbukumbu ya mzee ama ni kamili ama imeharibika. Haiko hivyo. Kila tukisimulia jambo tunalijenga upya, na msimulizi bora wa familia mara nyingi ndiye aliyelirekebisha zaidi. Wazee hukumbuka kwa wingi mambo ya umri wa miaka 10 hadi 30 hivi, wakati kila kitu kilikuwa cha mara ya kwanza. Miaka ya katikati, ya kulipa madeni na kulea, huwa imeshikana kama kurasa zilizolowa. Kwa hiyo usimuulize "mwaka 1965 ilikuwaje?" Muulize harusi ya kwanza waliyopiga, nani aliendesha, walilipwa nini, walirudi saa ngapi. Na mpe kitu mkononi. Mimi niliwahi kumhoji fundi mmoja wa majahazi saa nzima akinijibu "ndiyo" na "hapana". Nilipomwekea tezo mapajani, kikombe chake cha chai kilipoa bila kuguswa. Kama yeye ndiye aliyepiga tsymbaly, ile ala pana ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili, mwombe aigonge huku simu inarekodi. Fidla, tsymbaly na ngoma ndilo kundi la watatu la harusi zao, na mapigo ya kolomyika, dansi yao, waliyojifunza kwa sikio hayakuandikwa popote. Akiondoka, yameondoka.

Fidla. Mwambie shemeji taratibu, maana hili linaumiza. Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa Cremona, Italia, alikufa mwaka 1737, na vyombo vyake vilivyobaki duniani, vya aina zote, ni kama 650. Lakini vibandiko vyenye jina lake vilichapwa kwa maelfu na kubandikwa kwenye fidla za viwandani, hasa za Markneukirchen huko Saxony na Schönbach huko Bohemia. Nia kwa kawaida haikuwa kutapeli. Kilimaanisha tu "imeigwa kwa umbo la Stradivari", kama kanzu inavyoitwa ya Oman hata ikishonwa kwingine. Chungulia chini ya jina hilo. Ukiona herufi ndogo zinazotaja Ujerumani au Chekoslovakia, umepata jibu, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka. Fidla za namna hiyo ziliuzwa kwa katalogi, ikiwemo ya duka la Eaton's la Kanada iliyotoka 1884 hadi 1976, ambayo watu wa nyika waliagizia kila kitu kuanzia soksi hadi nyumba. Andika "fidla yenye kibandiko cha Stradivarius". Ni kweli tupu, na wapiga fidla waliopo watatabasamu. Kisha angalia pale varnishi ilipolika, chini ya kidevu na pale mkono wa kushoto ulipokaa. Alama hizo hakuzichonga Stradivari.

Ile pembe iliyoachia isikutishe. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya theluthi ya gramu ya maji kwa mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Mnapoichukua ile ya nje na kuipasha ndani ya nyumba, inakuwa na kiu kali, na inakunywa kutoka kwenye midomo yenu, mimea na mbao. Ubao haupungui urefu, unapungua upana. Uso wa fidla ukivutwa hivyo, kitu kimoja lazima kiachie, na mafundi wa zamani walichagua kiachie nini: gundi ya ngozi ya wanyama, dhaifu kuliko ubao, ili mshono ufunguke kabla uso haujapasuka. Kwa maneno mengine fidla imejiokoa. Anayeziba mshono huo kwa gundi nyeupe ya dukani anaondoa kinga hiyo, na baridi ijayo ubao ndio utakaopasuka. Kwa hiyo msiibandike wenyewe, hata kama mume wako ni fundi kama baba yake. Msiifute unga wa ulimbo, ule unaopakwa kwenye upinde, kwa kitambaa kibichi. Msilegeze nyuzi zote kwa pamoja, kwani ndani kuna kijiti kilichosimama kwa kubanwa tu, na nyuzi zikilegea huanguka. Waitaliano hukiita anima, yaani roho. Iwekeni kwenye kasha lake na kifaa cha unyevu, kati ya asilimia 40 na 60, mbali na tundu la hita.

Kisha ipelekeni kwa fundi wa fidla, aione kwa macho. Kubandika mshono ni kazi ndogo. Lakini kama kuna ufa mgongoni pale kijiti kinapokaa, matengenezo yanaweza kuzidi bei ya fidla yenyewe, na fundi mwaminifu atawaambia hivyo. Hapo mtachagua: kulipa kwa ajili ya upendo, au kuiacha ikae kimya. Mimi ningelipa, ila si mimi ninayelipa kodi ya nyumba yenu.

Nimeacha wifi mdogo mwishoni kwa makusudi, maana kwa maoni yangu yeye ndiye amekupa sentensi bora kuliko zote. "Kila Jumamosi yeye yuko harusini, sisi na mama tunakamua ng'ombe." Humo mna muziki, mna kazi na mna baba, na mna bei yake na aliyeilipa. Wengine watakushauri uliache: siku ya ibada ni ya kufariji, kinyongo kina siku yake. Ushauri huo una uzito, na kama mama mkwe atasikitika mbele ya watu, usikilize. Lakini niliwahi kumwandika mjomba wangu kuwa "mpole", binti yake akainuka katikati ya usomaji akatoka, na hadi leo tukikutana tunasalimiana kwa mbali. Tangu hapo naandika mara mbili. Andiko la kusomwa, dakika saba, ambalo ndani yake wale ng'ombe wametajwa kwa sentensi moja isiyo na lawama, pamoja na jina la mama aliyewakamua. Na andiko la kuhifadhiwa, refu, ambamo kila mtoto anaandika ukurasa wake bila kuhaririwa. Mpelekee wifi sentensi ile kabla ya siku yenyewe. Mwombe aikubali au aibadilishe. Usimuombe asamehe, hiyo si kazi ya mwandishi.

Usisahau pia kwamba wakwe zako wana arobaini kama sisi. Panakhyda, ibada yao ya kumwombea marehemu, husomwa siku ya tisa, ya arobaini na ya mwaka, na wimbo wa kufungia, Vichnaya Pamyat, maana yake ni kumbukumbu ya milele. Andiko lako litasomwa karibu na wimbo huo, kwa hiyo halihitaji kumalizia kwa maneno makubwa. Wimbo utafanya kazi hiyo.

Hukunieleza hali ya mume wako, nami nauliza. Kama anakwenda kukaa kwenye karakana ya baba yake jioni moja moja, mwache. Kama mwaka unakaribia na bado halali, hali, hafanyi kazi, mpeleke kwa daktari wa familia. Na mtu yeyote katika nyumba hiyo akisema hataki tena kuishi, usingoje: Kanada nzima mnapiga au kutuma ujumbe 988, usiku na mchana.

Hifadhi ya Nyaraka inaweza kungoja mwezi. Makasha hayaendi popote. Huyo wa miaka 89 ndiye wa kwanza. Mpigie simu wiki hii, nenda kabla barabara hazijaganda, na mbebee fidla hivyo hivyo ilivyoachia. Asiipige. Mwache aishike tu, nawe uwe umeshawasha kinasa sauti tangu mlangoni.